Nyanya za Kiangazi Katika Shamba la Maharage la Mama Yusta

Siku nitakayozikwa, mtu atasimama mbele ya jeneza aseme marehemu alikuwa mkulima hodari, wa kwanza hapa Ihanda kuvuna nyanya kubwa wakati wa kiangazi. Hatasema kwamba misimu miwili mfululizo marehemu alivuna majani matupu. Wala hatasema kwamba marehemu alimnunia jirani yake miezi minne kwa kosa la kivuli cha mgomba. Kwa hiyo nimeona niyaandike mwenyewe nikiwa bado nashika kalamu, nyinyi vijana mpate kuyasoma, maana nasikia msimu huu wengi wenu mnataka kujaribu nyanya kwa njia mpya. Jaribuni. Mimi niko upande wenu. Ila msidhani njia mpya zimeanza na nyinyi.

Shule nilisoma madarasa mawili tu, tena la pili nusu yake niliimaliza kitandani na tetekuwanga. Mkikuta nimeruka huku na huku, nifuateni tu, nitarudi barabarani.

Wakati ninaousema, vita vya pili vilikuwa vimekwisha, malori yameanza kuja mpaka huku kwetu kuchukua kahawa, na baiskeli hapa Ihanda nadhani zilikuwa tatu, moja haina breki. Nyanya zilikuwepo, lakini zile ndogo kama yai la ndege, zinazoota zenyewe jaani. Hakuna mtu aliyezipanda. Mama akitaka kupika maharage anapita jaani, anachuma nne tano, basi. Ukimwambia mtu unalima nyanya ni sawa na kumwambia unafuga panzi.

Mimi nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, Yusta, na kila wiki nilipeleka ndizi mbivu dukani kwa Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka, Mwislamu, watu wa kwao walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza hata ukigombezwa unaona raha. Siku moja nikamkuta uani anakata kitu chekundu, kikubwa kama ngumi.

"Shikamoo bibi. Hilo ni tunda gani?"

"Marahaba mwanangu. Hii nyanya."

"Nyanya gani yenye mwili hivyo?"

"Nyanya iliyotunzwa. Imetoka Bukoba kwa lori. Nililetewa kumi, saba zimefika kama zimekaliwa na utingo."

Akakamua mbegu juu ya kipande cha gunia, akakianika juani, na wiki iliyofuata akanipa kile kipande kimekunjwa. "Zikikukubali," akasema, "usimuuzie mtu kabla yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya nyanya, sikutoka tena mpaka magoti yalipokataa.

Sasa kosa la kwanza. Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua kibanja ni nini kwetu. Migomba inayozunguka nyumba ndiyo heshima ya mwanamume. Jivu linakwenda huko, maganda yanakwenda huko, samadi inakwenda huko, na udongo wake ni mweusi, unaweza kuukata kwa kisu. Huko nje kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi, udongo ni mwekundu na mwembamba, na huko ndiko wanawake walikopewa sehemu za kupanda maharage na karanga. Kwa hiyo mtu mwenye mbegu ya thamani atapanda wapi? Nilipanda kibanjani, katikati ya migomba minene kabisa, nikatandaza nyasi mpaka shingoni mwa kila mche, kama tunavyofanya kwa mgomba. Nilidhani kinachomfurahisha mgomba kitamfurahisha kila mtu.

Nyanya zikarefuka kama zinamtafuta mtu juu ya paa. Nyembamba, zimepauka, zinalala hapa na kuinuka pale. Mvua ya masika ikinyesha, jani la mgomba linakusanya maji halafu linayamwaga yote kwa pamoja juu ya mche. Wiki ya tatu ya mvua majani yakawa meusi kana kwamba mtu kayamwagia maji ya moto. Nilivuna nyanya moja, na hiyo ilikuwa imeoza upande mmoja.

Nikasema nimerogwa. Nawaambia ukweli, ndivyo nilivyosema. Jirani yangu mama mmoja mpole alikuwa amepita kibanjani akasema, "Aa, nyanya zako zinapendeza!" Nikaona ni yeye, kijicho chake ndicho kimezichoma. Nikaacha kumsalimia. Miezi minne nikimwona nageuza uso. Baadaye nilipojua kwamba nyanya inataka jua na hewa, na kwamba ule ni ukungu, niliona aibu nikaenda kumwomba radhi. Akashangaa. "Kumbe ulininunia? Mimi nilidhani unaumwa jino."

Msimu wa pili nikatoka kivulini, nikapanda ukingoni mwa kibanja. Nikaamua tatizo lililobaki ni samadi. Ng'ombe sikuwa nao. Wenye ng'ombe walikuwa akina Mzee Yakobo, familia ya wafugaji waliokaa upande wa rweya, watu wa kanisani sana, ng'ombe wao wana pembe ndefu mpaka unajiuliza wanapitaje mlangoni. Mzee Yakobo alikuwa mrefu, mkimya, na fimbo yake aliipa heshima kuliko wageni. Akanikubalia nichukue samadi. Mimi kwa furaha nikaingia zizini asubuhi, nikazoa yote, mbichi, inatoa mvuke, halafu ili nionekane kijana mwenye adabu nikachukua ufagio nikafagia zizi mpaka likang'aa.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi mzee. Nimesafisha."

"Zizi langu limekuwa kama la mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa. Mimi niliwahi kuliona zizi la namna hiyo, la baba yangu, mwaka wa sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe. Rudisha kidogo."

Chekeni tu. Mimi nilirudisha mavi ya ng'ombe zizini kwa kikapu, nikayatawanya kwa mkono huku mzee ananielekeza: pale, na pale kidogo. Tangu siku hiyo najua: ukizoa samadi kwa wafugaji, bakiza.

Na ile samadi mbichi ikaniadhibu. Miche mingine iliungua mizizi ikafa. Iliyobaki ikatoa majani mapana, manene, ya kijani kibichi, watu wakawa wanasimama kutazama. Matunda hakuna. Bi Mwanaidi alikuja mwenyewe kuona, kavaa kanga zake mbili, akazunguka mara moja.

"Mwanangu, hiki si kitoweo, hiki ni kichaka cha kulala kuku. Umekata vichipukizi?"

"Vipi hivyo bibi?"

Akainama, akanionyesha pale jani linapokutana na shina, kile kitawi kidogo kinachochomoza kwapani. Akakivunja kwa kidole gumba, pap. "Hivi vinakula chakula cha watoto. Vunja kila vinapotokea, vikiwa vidogo kama ncha ya kidole. Acha shina moja, ukizidi mawili. Na uusimamishe mti, usiuache ulale chini kama mlevi."

Nyumbani nikahesabu nilichokijua. Jua. Hewa. Samadi iliyolala mpaka ikasahau kuwa ilitoka kwa ng'ombe. Kuvunja vichipukizi. Kusimamisha. Na jambo moja nililoligundua mwenyewe, nalipenda hadi leo: mvua ndiyo adui wa nyanya iliyokwisha kuzaa. Kwa hiyo zikuzwe na masika, ziive kiangazi. Nilijua la kufanya. Sikuwa na pa kufanyia. Penye jua la kutwa, mteremko mzuri, na chemchemi karibu, palikuwa mahali pamoja tu, shamba la maharage la mke wangu kule rweya.

Mke wangu Kokugonza, mama Yusta, hakuwa mtu wa kelele. Nilimsubiri mpaka amemaliza kumenya ndizi.

"Mama Yusta, nataka nusu ya shamba lako msimu huu."

"Ya nini?"

"Nyanya."

Akaendelea kupanga ndizi chunguni. "Nusu ya shamba ni nusu ya chungu, baba Yusta. Mtoto atakula ndizi na nini? Na majani yako yale mapana?"

"Safari hii najua."

"Safari ile pia ulijua."

Alikuwa na haki. Kwetu mtu akila ndizi bila maharage anahesabiwa hajala, na maharage ya kutosha mpaka msimu mwingine yalitoka pale tu. Akafikiri mpaka chungu kikachemka, ndipo akasema sharti lake. Nusu nitapata. Nyanya zikishindwa, sitagusa tena mbegu ya nyanya maishani, na nitang'oa safu mbili za migomba ya pombe pale mbele ya nyumba, yeye apande maharage.

Vijana, hiyo migomba aliipanda baba yangu. Kung'oa migomba ya baba yako mbele ya nyumba, kila apitaye njiani aone, ni afadhali uvuliwe nguo sokoni. Na yeye alijua. Ndiyo maana aliitaja ile ile. Nikasema sawa, sauti ikatoka ndogo.

Basi nikafanya hivi, na hapa mtu achukue karatasi. Mbegu nilisia mwezi wa tatu mwanzoni, kwenye kitalu kidogo chenye kivuli chepesi cha majani. Miche ilipopata majani mawili ya kweli, nikaihamishia kwenye vikopo vya magome ya mgomba: unakata kipande cha gome kibichi, unakikunja, unakifunga kwa kamba ya mgomba, unajaza udongo na samadi iliyoiva. Siku ya kupanda unazika mche pamoja na kikopo chake, mzizi haujui hata kama umehama nyumba. Hiyo sikufundishwa na mtu, ilinijia nikimwona mama Yusta anafunga chumvi kwenye gome. Nilipanda sitini, hatua moja kati ya mche na mche, ili upepo upite. Nikakata matete ya kusimikia. Kamba nilizungusha mara moja kwenye tete, mara moja kwa ulegevu kwenye shina, maana shina linanenepa, ukilibana litakatika. Nyasi nikatandaza, lakini shina likaachwa wazi kiganja kizima kila upande. Majani ya chini yanayogusa ardhi nikayaondoa. Mvua zikapita, ukungu ukanichukulia kumi na moja. Nikaing'oa hiyo na kuichoma moto mbali, arobaini na tisa ikabaki.

Mama Yusta akipalilia upande wake alikuwa ananiona navunja vichipukizi. "Unamkata watoto wake," anasema. "Nampunguzia ndugu wa mume," namjibu. Hapo alicheka, na ndugu zangu msinichukulie vibaya.

Mwezi wa sita ukaingia, mvua zikakata, nyanya zikaning'inia kijani, nzito, za kujaza mkono. Nikawa nalala usingizi mtamu. Hapo ndipo nilipogundua upumbavu wangu, na huu ni upumbavu ambao mtu wa mjini hawezi kuufanya, lazima uwe mtu wa hapa uliyezoea mpaka huoni.

Rweya ilikuwa na desturi yake. Shamba la mwanamke kule ni lake tangu jembe la kwanza mpaka mharage wa mwisho. Akishavuna, pale panarudi kuwa malisho, ng'ombe wa yeyote wanaingia kula mabaki. Hakuna ua, hakuna kuomba. Ndivyo tulivyoishi na wafugaji bila kugombana. Na maharage huvunwa mwezi wa sita. Nyanya zangu zilikuwa zinataka wiki nne tano zaidi. Nilikuwa nimepanga jua, maji, samadi, kamba, nikasahau kwamba baada ya maharage lile shamba ni la ng'ombe!

Nikaenda mbio kwa Mzee Yakobo, na kibuyu cha rubisi safari hii, pombe nzuri ya ndizi, si ya haraka. Akanikaribisha, akanywa, akanisikiliza.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini nikikuachia wewe, kesho mwingine ataniambia ana viazi, keshokutwa mwingine ana muhogo. Ng'ombe wangu watakula mawe? Shamba likishavunwa ni majani ya ng'ombe. Mimi sikuiweka desturi hiyo. Nimeikuta."

"Mzee, ni nusu ya kipande kidogo."

"Ng'ombe hajui nusu."

Nikarudi nyumbani nikitazama ile migomba ya baba, nikaanza hata kuchagua nitaanzia upi. Siwafichi, nilikaa chini kibarazani nikashindwa kula. Mama Yusta akaniuliza, nikamweleza yote. Nilitegemea aseme nilikuambia. Alichukua kikapu akaenda kuvuna.

Siku ya pili jioni, jua bado liko juu ya kilima, nikamfuata kumsaidia kubeba. Nikakuta kang'oa maharage upande wake wote. Lakini kule kwangu, kuzunguka nyanya pande zote nne, safu mbili za maharage zimesimama. Alikuwa amezipanda yeye mwenyewe mwanzoni mwa msimu, kuziba nafasi ya njia. Mimi niliziona kama uchoyo tu.

"Umesahau hizi," nikamwambia.

"Sijasahau. Wewe nenda kanywe maji."

Sikwenda, maana kengele ya ng'ombe ilikuwa inasikika. Mzee Yakobo akaja na kundi lake. Mimi nikarudi nyuma ya kichaka, nawaambia ukweli. Mama Yusta akabaki pale, kashika kiuno.

"Mama Yusta, mmeshindaje huko."

"Tumeshinda salama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naona umevuna."

"Sijamaliza."

Mzee akaangalia zile safu. Maganda yalikuwa yamekauka, upepo ukipita yanalia kama njuga. "Haya yamekauka mpaka yanapiga kelele, binti."

"Napenda yakauke vizuri."

"Na huko ndani naona matete. Na vitu vinavyoning'inia."

"Magugu ya mume wangu hayo."

Ng'ombe mmoja akanyoosha shingo kuelekea mharage, mzee akamgusa pua kwa fimbo, yule akarudi.

"Sasa utamaliza kuvuna lini, mama Yusta?"

"Magugu yakiiva, mzee."

Ndipo nilipomsikia Mzee Yakobo akicheka, mara ya kwanza maishani mwangu. Kicheko kirefu, mpaka akaegemea fimbo. "Shamba ambalo halijavunwa siwezi kuliingia," akasema kwa sauti kubwa, kumbe anajua nilipo. "Na wewe uliye kichakani, kanisani uwashe mshumaa kwa ajili ya mke wako!" Akapiga mluzi, kundi likazunguka, likapita upande wa chini.

Wiki tano yale maharage yalisimama. Mengine yalipasuka, njiwa wakala, nadhani vyungu kama vitatu hivi viliondoka pale. Mama Yusta kila asubuhi alipita kuyaokota yaliyoanguka, moja moja. Mimi nilichota maji chemchemini kwa kibuyu, alfajiri, namwagia shinani tu, jani halipati tone. Wafugaji wengine walipita, wakaona maharage yamesimama, wakapita.

Nyanya ya kwanza kuiva niliipeleka kwa Bi Mwanaidi nimeifunga kwenye jani. Akaikata, akaweka chumvi, akala nusu, halafu akamwita mumewe kutoka dukani. "Njoo uone kitu cha Ihanda." Alichukua vikapu viwili, mpishi wa misheni akaja kuulizia, mtu wa kijiji cha Rugera akaja na baiskeli ya kuazima, ile isiyo na breki, akaondoka na nyanya kwenye kofia. Mzee Yakobo nilimpelekea sita. Akauma moja, akatafuna kama anayetafuna sabuni, akasema hicho ni chakula cha ndege. Lakini siku iliyofuata mkewe aliomba mbegu.

Mwaka ule tulikula maharage yenye nyanya mpaka Yusta akawa na madoa mekundu kifuani kila siku. Na upungufu wa maharage tuliufidia, tulibadilishana nyanya kwa maharage na jirani yangu, yule wa jino.

Msimu mwingine ulipokaribia, nilimfuata mama Yusta shambani nikiwa na maneno yangu tayari. Nilikusudia kuomba nusu tena, ikibidi kwa kupiga magoti. Nikamkuta anatembea na kijiti, anachora mistari ardhini. Pembeni pande zote nne safu tatu tatu. Katikati pote peupe.

"Hapa maharage," akasema, akionyesha pembeni. "Hapa katikati nyanya."

"Katikati pote?"

"Pote. Kwa maharage mengine nimepewa kipande na mama yangu kule chini."

Furaha ikanijaa, nikaanza kumweleza nitaweka matete wapi, na nitazitenga vipi za Bi Mwanaidi na za misheni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Yusta, hili shamba ni la nani?"

"Lako."

"Na kinachoota kwenye shamba langu?"

Nikavua koti, nikalitundika kwenye mti, nikachukua jembe.

"Nianzie upande gani, mama?" nikamuuliza.

Akaninyooshea kijiti. "Juu huko. Na ulime kwa kina, msimu uliopita ulikuwa unakwaruza."